Aliyevaa hedifoni

Video yetu ina dakika 26. Mwishoni yanapita majina ya wanawake 14 wa kikundi cha wakulima wa mwani, jina la mzee aliyetuazima ngalawa, la kijana aliyekuwa akiwasha jenereta, na langu. Jina la mwenzangu halimo. Ndiye aliyeyapanga majina yote hayo, akamfuata kila mwanamke kumuuliza aandikwe vipi, kwa jina la baba au la babu, na kama "Bi" litangulie au lisitangulie. Nilipomuuliza lake liko wapi akasema, "Kaka, hii video ni ya watu wa hapa." Nilibishana naye mpaka adhana ya alfajiri, sikufua dafu.

Nilimwahidi sitalitaja, na hapa silitaji. Kunyamaza sikuahidi. Tangu tumalize kazi ile watu wananipongeza mimi, kwa kuwa mimi ndiye mwenyeji na mimi ndiye niliyeonekana na kamera, na kila pongezi najua inagonga mlango usio wake.

Kazi yangu ni video za harusi, hapa mjini Unguja. Upande wa wanaume napiga mimi, ukumbi wa wanawake anapiga dada yangu. Kwetu ni pwani ya mashariki, upande wa Jambiani, ambako kilimo cha mwani wa kuuza kilianza mwaka 1989, huko na Paje, kwa mbegu iliyoletwa kutoka Ufilipino. Mama yangu alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuingia baharini na vigingi. Nimesomeshwa kwa mwani, nimevishwa kwa mwani, na utotoni nilikuwa nikilala usingizi wa mchana juu ya magunia ya mwani mkavu yakisubiri gari la kampuni. Kwa hiyo kikundi cha mama na shangazi zangu kiliponiambia kinataka video, nilijiona ninaijua kazi hiyo kabla sijaianza.

Wao walijua wanachotaka. Mwani upo wa aina mbili wanazopanda, mnene na mwembamba. Mnene ndio wenye bei, na ndio ulioanza kufa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Maji ya karibu na ufukwe yamekuwa ya moto; mwani unageuka mweupe, unalainika, unakatika na kuchukuliwa na mkondo. Wamebaki na mwembamba, unaovumilia joto zaidi lakini bei yake ni ya kusikitisha ukizingatia kwamba inahitaji kilo saba, nane za mbichi kupata kilo moja kavu. Mnene bado unaweza kuishi kwenye maji ya kina, kule kulikopoa. Dk. Flower Msuya, mtafiti ambaye wakulima wengi wa mwani Zanzibar wanamfahamu, amefanya kazi miaka mingi na wanawake hawa kuhusu hilo, pamoja na nyavu za mirija zinazozuia mwani usikatike. Tatizo ni kwamba maji ya kina yanataka chombo na yanataka mtu anayejua kuogelea, na akina mama wengi wa kwetu hawana chombo wala hawakufundishwa kuogelea. Walitaka kulisema hilo kwa midomo yao, mbele ya wanaume wenye ngalawa, mbele ya maofisa, na mbele ya binti zao.

Na walikuwa wamechoka kupigwa picha. Mwanamke ameinama baharini, kanga inapepea, maji ya kijani: picha hiyo iko kwenye kadi za posta, kwenye kuta za mahoteli, kwenye simu za wageni wasio na idadi. Aliyeinama hakuulizwa jina.

Mwenzangu niliunganishwa naye na rafiki. Ni mwanamke wa Tanga, fani yake sauti na uhariri, alikuwa mjini kwa kazi ya muda ya redio. Nilimtaka anishikie maiki tu, na kwa kuwa ni mwanamke, nikaona atakaa vizuri na akina mama. Hayo ndiyo niliyomwambia siku ya kwanza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: bamvua lijalo ni lini?

Bamvua la kwanza hatukupiga hata picha moja. Aliniomba kamera niiache nyumbani. Nilikasirika, sifichi, kwa sababu nilikuwa nimekodi lenzi kwa siku tano na bamvua haimsubiri mtu. Maji yetu wakati wa bamvua, yaani mwezi mpya na mwezi mpevu, hupwa sana kwenye saa nne asubuhi, kwa hiyo akina mama hushuka kuanzia saa mbili, na maji yakianza kurudi kazi imekwisha, upende usipende. Siku zote zile tano alishuka nao. Rekoda ameifunga kiunoni kwa kanga, maiki mkononi, hedifoni masikioni juu ya mtandio. Alitembea nyuma ya mama yangu mwendo wote wa kufika kwenye shamba lake, akisimama mama aliposimama. Mimi nilibaki ufukweni kama mtu aliyeachwa na gari.

Siku ya tatu akaniita. Akavua hedifoni, akanivisha, akaielekeza maiki kwa mama aliyekuwa hatua kama kumi mbele, akifunga mbegu. Kamba zetu zina urefu wa mita nne hivi, na mbegu zinafungwa kwa vijikamba vya tai-tai, shibiri moja baina ya mbegu na mbegu. Nimeiona kazi hiyo tangu nilipofungua macho duniani. Sasa nikaisikia. Kwanza mchanga ukinyonya maji, mlio mdogo kama wa uji unaochemka. Halafu tai-tai ikikazwa juu ya kamba iliyolowa, inalia nyembamba. Na halafu pumzi. Mama huinama, huvuta pumzi, huizuia, hukaza fundo, ndipo akaitoa. Fundo moja, pumzi moja. Kisha anasogea shibiri moja, anaanza tena. Nilisimama pale mpaka kamba nzima ikaisha, na maji yalikuwa yamenifika magotini bila kujua yamerudi saa ngapi.

Video inaanza hivyo. Sekunde 40 za kwanza skrini ni nyeusi na unaisikia pumzi hiyo peke yake. Wazo lake.

Tulianza kupiga picha mwezi wa Julai, kusi imeshika. Aliyewahi kurekodi sauti pwani ya mashariki wakati wa kusi ataelewa. Upepo ukiingia kwenye maiki unasikia ngurumo tupu, na maneno ya mtu yanapotelea humo. Kile kifuniko cha sifongo kilichokuja na maiki hakikufua kitu. Jioni moja akaomba sindano na uzi kwa mama. Akakata kipande cha blanketi la mtoto, lile lenye manyoya marefu, la rangi ya waridi, akashona kifuko akipima kwa macho, akakivisha kwenye maiki na kukifunga shingoni kwa tai-tai ya mwani. Akatoka uani, akasimama upepo unapovuma, akasema sentensi moja kwa sauti ya kawaida, akarudi ndani kuisikiliza. Kila neno lilikuwepo. Watoto wa jirani wakakiita kile kifuko paka. Kwa wiki zote tulizokaa pale ilikuwa "paka ameshaondoka?", "paka amelowa leo?", na nadhani paka huyo alifanya kazi kubwa kuliko barua zetu zote za utambulisho, kwa sababu mtu hawezi kukakamaa mbele ya kitu watoto wanachokipenda.

Mahojiano aliyafanya yeye, akina mama wamekaa wanakopenda kukaa. Mama yangu alichagua ukumbini kwetu, kwenye mkeka, anachambua mwani mkavu. Nilikuwa nimeandika maswali kumi na moja. Yalikuwa maswali ya warsha: mnakabiliwa na changamoto zipi, mnaiomba serikali nini. Aliyakunja, akaweka mfukoni. Akamuuliza mama, "Bi mkubwa, kamba hizi za mwanzo ulinunua au ulipewa?"

Mama akajibu kwa maneno mawili matatu. Mwenzangu hakuuliza lingine. Alikaa tu, ameinamisha kichwa kidogo, mkono kwenye rekoda. Mimi nyuma ya kamera nilikuwa navuja jasho, nataka kuujaza ule ukimya kwa lolote. Nilihesabu moyoni nikafika thelathini na kitu. Mama akaendelea kuchambua. Kisha, bila kuinua macho, akaanza kueleza: mwaka ule walivyopewa kamba na mbegu kwa mkopo, walivyokatwa kwenye mzani, samaki tasi walivyokula shamba lote la jirani yake kwa bamvua moja, wanaume waliosema wanawake wanakwenda baharini kucheza. Aliongea dakika 47. Katikati akasema, kwa sauti ile ile ya kuchambulia mwani, "Mabati ya nyumba hii ni mwani. Aliyeezeka ni baba yao, fedha ilikuwa ya kwangu. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Nina miaka thelathini na kitu. Nimelala chini ya mabati hayo. Maisha yangu yote nilikuwa nasikia, na mimi nikisimulia kwa wageni, kwamba baba ndiye mtu wa tatu kijijini kuezeka bati.

Usiku ule mwenzangu hakusema chochote juu ya maneno hayo. Alinakili sauti kwenye diski mbili, moja akanikabidhi, akasema niiweke mbali na nyingine. Kabla hajaenda kulala akauliza kama mzee yupo salama, akimaanisha baba, na kama naona ni vizuri mama mwenyewe amwambie kwanza kabla maneno hayo hayajakwenda popote. Mama alimwambia. Walizungumza nini sijui, walikuwa wawili chumbani.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwa hakika ndilo lililonifanya niandike.

Kulikuwa na picha moja. Shangazi yangu mmoja anatoka baharini, gunia kichwani, jua nyuma yake, kusi imeipiga kanga, ushungi umeteleza mpaka mabegani, na yeye mikono yote miwili imeshika gunia. Sijawahi kupiga picha nzuri kama ile. Nilishaiweka mwishoni mwa video, nilishaiota. Mwezi wa Oktoba tukarudi kijijini na kompyuta kuwaonyesha akina mama kazi ilipofikia, nao wote wakasifu, na shangazi akasifu pamoja nao. Mimi sikuona kitu. Mwenzangu aliona kwamba picha ile ilipopita, shangazi alijifunga mtandio upya ingawa ulikuwa umekaa sawa.

Akamfuata baadaye jikoni, wakapika wote. Usiku akaja kuniambia picha ile inatoka.

Nilimjibu vibaya. Nikamwambia shangazi ameiona na hakukataa, nikamwambia tunaweza kuitia giza, tunaweza kuikata kifuani. Alisubiri nimalize. Akasema, "Kaka, hawezi kukukatalia mbele ya wenzake, wewe ni mtoto wake. Ndiyo maana nilimuuliza akiwa peke yake."

Halafu akanisimulia habari ya kisiwa cha Fogo, kule Kanada. Mwaka 1967 Colin Low, wa bodi ya filamu ya nchi hiyo, alikwenda kwenye kisiwa hicho cha wavuvi maskini ambao serikali ilikuwa inafikiria kuwahamisha. Alirekodi watu wakizungumza mambo yao, filamu fupi fupi nyingi, na kila aliyerekodiwa akapewa nafasi ya kuiona kwanza na kusema hiki kitolewe. Zikaonyeshwa kwenye kumbi za vijiji vile vile, wakajionea kwamba upande huu na upande ule wa kisiwa wana shida moja, zikapelekwa na kwa wakubwa. Wavuvi wakaanzisha ushirika wao, na kisiwa hakikuhamishwa. Akaniambia habari nyingine ya karibu zaidi, ya wavuvi wa Mtwara miaka ya 1990, walivyotumia video kupeleka kilio chao cha uvuvi wa baruti. Kwao Tanga baruti wanaijua, kwa hiyo habari hiyo aliisimulia kwa uchungu wa mtu aliyewahi kuusikia mshindo wenyewe. Sikuwa najua kwamba kazi tunayoifanya ina watangulizi. Nilidhani tunabuni.

Asubuhi nikamfuata shangazi nikamwomba radhi. Akacheka, akanishika kichwa kama alivyokuwa akinishika nikiwa mdogo. Kisha akaniambia nichukue kamera, ana kitu anataka kionekane. Akanipeleka chumba cha nyuma walikohifadhi magunia, akafungua daftari lake la shule lenye jalada lililochanika, ameandika kila mauzo tangu alipojifunza kuandika: tarehe, kilo, bei, na jina la aliyepima. Akaniambia nisimame wapi. Kidole chake kinashuka kwenye ile safu ya bei, taratibu, ukurasa baada ya ukurasa, na kila ukurasa unaona bei ilivyotulia pale pale huku kila kitu kingine dukani kikipanda. Hiyo ndiyo picha inayofunga video. Maofisa walioitazama baadaye, hakuna hata mmoja aliyeuliza kuhusu picha ya jua; wote waliuliza kuhusu daftari.

Uhariri tuliufanya mjini, Oktoba na Novemba, mvua za vuli na joto lake. Alikuwa anazima feni ili asikie vizuri. Chumba kimefungwa, jasho linadondoka kwenye meza, na yeye amefumba macho anarudia neno moja la Bi fulani mara kumi, kumi na tano, kujua kama kalimaliza au kalimeza. Mara mbili umeme ulikatika kabla hatujahifadhi. Hakulalamika, alitoa karatasi, akaandika kwa kumbukumbu mpangilio wote tuliokuwa tumeupoteza. Taasisi moja iliyotusaidia mafuta na projekta ilitaka tuwape toleo la dakika tatu lenye kinanda cha huzuni. Aliwaandikia barua ya sentensi mbili, akaambatanisha dakika tatu zenye ile pumzi ya mama na bila kinanda. Wakaipokea.

Tulionyesha video uwanja wa skuli, mwezi wa Januari, kaskazi ya upole, baada ya sala ya isha. Mashuka mawili meupe yameshonwa pamoja, yamefungwa kwenye nguzo za goli. Watoto mbele kwenye mchanga, akina mama kwenye mikeka, wanaume wamesimama nyuma kama kawaida yao. Nikiwa mdogo niliwahi kukaa kwenye mchanga kama ule, tamasha la filamu la Zanzibar, lile la nchi za jahazi, lilipoleta sinema vijijini, na naukumbuka mwanga ukipita juu ya vichwa vyetu. Mwenzangu hakuwa kwenye projekta. Alikuwa akizunguka uwanjani gizani, anasimama nyuma ya mkeka huu, nyuma ya mkeka ule, anasikiliza kama sauti inafika. Spika moja aliihamisha mara tatu mpaka wanawake wazee waliokaa pembeni wakasikia sawa na walio mbele.

Ilipofika kwenye mabati, uwanja ukatulia. Nilimtafuta baba kwa macho. Alikuwa nyuma, na bakora yake. Mtu mmoja karibu naye akageuka akamwangalia, halafu wa pili. Baba akasema kwa sauti iliyosikika mpaka mbele, "Ni kweli." Akanyamaza. Video ikaendelea.

Baadaye watu walikaa mpaka saa sita usiku wakizungumza. Mzee wa ngalawa akasema yeye anaweza kuwapeleka akina mama wanne wakati wa maji mafu, yasiyopwa sana, wajaribu shamba la kina, na vijana wawili wakasema watakwenda nao, wao wanajua kuogelea. Ndilo lililopatikana usiku ule, na sitaki kulikuza. Shamba lenyewe lipo, kamba sita, na mpaka naandika haya mwani mnene haujafa.

Dada, najua utaisoma hii na utanipigia simu kunigombeza. Nigombeze. Niliingia kwenye kazi hii nikiwa na macho tu, nikamjua mama yangu kwa kukaa karibu na wewe. Ulikuja kijiji kisicho chako, ukala mlo wetu bila kuchagua, ukaamka saa kumi za usiku kurekodi majogoo ambao mwishowe hukuwatumia, ukanirudisha kwa shangazi yangu kuomba radhi ambayo peke yangu nisingeijua kuwa ninaidaiwa. Ahsante sana. Ahsante kwa ile sekunde thelathini na kitu ya ukimya pale mkekani, ambayo mimi ningeiharibu.

Paka alibaki kwetu. Siku unaondoka ulimsahau juu ya kabati, na mama hakuniambia mpaka juzi. Amemfua kwa maji ya mvua kumtoa chumvi, akamwanika uani kwenye kamba, amembana kwa tai-tai ile ile. Anasema nikutumie kwa boti ya Tanga, halafu anasema ngoja kwanza, labda unakuja mwenyewe, bamvua la mwezi ujao ni kubwa.